Namna ya Kumlilia Koko Usiyemtembelea

Simu imelia usiku: koko, bibi yako, amefariki Kibombo, Maniema. Wewe uko Kinshasa, au Lubumbashi, au Kindu tu hapo, kilomita mia na ushee kutoka mlangoni kwake, na mara ya mwisho kumwona ulikuwa na nywele nyingi kuliko sasa. Usihofu. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na hakuna mtu kwenye matanga atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Hatua ya kwanza: tafuta picha. Wewe hukuwahi kumpiga, lakini serikali ilimpiga. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, na koko aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Ipeleke kwa kijana wa kompyuta aikuze na kumtengenezea ua la waridi pembeni. Picha itamwonyesha koko amekunja uso, macho yamemtoka, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asicheke. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini, sasa ukoo mzima utamkumbuka kama mtu aliyekuwa na kesi.

Hatua ya pili: panga umri. Kadi inasema alizaliwa “kuelekea 1938”. Hilo “kuelekea” ni ruhusa. Andika miaka 102. Usihangaike na hesabu yake mwenyewe, maana koko hakuhesabu kwa kalenda. Yeye alikuwa msichana wakati wazazi walipokuwa wakilimishwa pamba ya lazima ya Wabelgiji. Mama yako alizaliwa Waasi walipoingia Kindu, yaani Julai 1964. Mjomba wako alianza kutembea Krismasi ile pesa zilipokufa, yaani 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire tano na kumi, na akiba ya watu ikageuka karatasi ya kuwashia moto. Ungemsikiliza jioni tatu ungepata historia nzima ya Maniema bila kulipa ada. Lakini historia haitoshi kwenye bango. 102 inatosha.

Hatua ya tatu: gombaneni kidogo kuhusu dini. Katika ukoo wa Maniema hapakosi Waislamu na Wakatoliki chini ya paa moja, kwa hiyo upande mmoja udai khitma na mwingine udai misa. Gombaneni kwa sauti, majirani wajue kwamba mna uchungu. Asitokee mtu wa kukumbusha kwamba koko alikuwa akiamka usiku kuwapikia daku wajukuu waliofunga, na Krismasi akiwapeleka wengine kanisani huku amewashika masikio.

Hatua ya nne: nunueni kikwembe. Hii ndiyo nguzo ya msiba. Undeni kamati, muwe na rais, makamu na mtunza hazina, kisha mchange ili ukoo wote ushone sare. Msishangae jinsi pesa zinavyopatikana haraka. Mwaka jana koko alipohitaji dawa ya presha, kila mtu alikuwa “anasubiri mwisho wa mwezi”. Safari hii mwezi umeisha siku hiyo hiyo. Kodini na jenereta. Nyumba iliyozoea kibatari iwake usiku kucha.

Vikwembe vyake vya zamani vitupwe, kwa sababu vinaharibu mandhari. Kimoja kina fundo kwenye pindo, usilifungue. Ukilifungua utakumbuka kwamba wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, kila milio ya risasi ilipokaribia mlikimbilia porini, na koko alikimbia na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na mbegu ya mpunga ndani ya fundo kama hilo. Watu wanakufa njaa, yeye analinda mbegu! Na yule mtoto wa mgongoni ni wewe, bwana rais wa kamati.

Hatua ya tano: lisheni wageni. Mchele uliingia Maniema na Waungwana, watu wa misafara ya Nyangwe na Kasongo, zama za Tippu Tip, na ukakaa mikononi mwa wanawake kama koko, waliopanda, wakavuna na kutwanga. Kwa hiyo, ili kumuenzi mkulima huyu wa mpunga, pikeni mchele wa gunia uliovuka bahari kutoka Asia. Ni mweupe zaidi. Kuhusu sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, mtajaribu na mtashindwa. Alipoulizwa itwangwe kwa muda gani, alijibu: “Mpaka ikubali.” Hakuna aliyekaa kinuni kuona inakubali saa ngapi.

Hatua ya sita: toa hotuba. Anza kwa Kifaransa, malizia kwa Lingala ili waliotoka Kinshasa wapige makofi. Kingwana chake, Kiswahili cha “batoto bangu mwendeni mukule”, kiache jikoni na masufuria. Sema alikuwa nguzo, taa na maktaba. Kwa vyovyote usitaje kwamba alikuita “mume wangu” tangu una miaka minne, akakudai mahari kila ulipopita uani, na akakununia siku ulipomletea mke mwenzake kutoka mjini. Utani wa mjukuu na koko ni haki ya wote wawili, hata kaburini. Lakini wewe una tai.

Hatua ya saba: baada ya arobaini. Tundika ile picha sebuleni, urudi mjini. Wakikuuliza lini utakuja tena, taja gari la moshi. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na kwa jinsi treni zinavyosubiriwa siku hizi, ni kisingizio kisichopingwa. Usitaje pikipiki. Usitaje hata kidogo wale vijana wanaosukuma baiskeli zenye madumu ya mawese kwenye barabara ya kwenda kwa koko.

Angalizo. Mwongozo huu haumfai mtu ambaye koko wake bado anapumua. Wewe kazi yako ni fupi: panda pikipiki, chukua dawa zake, ukifika kaa kinuni, umuulize mama yako alizaliwa mwaka wa tukio gani. Mpige picha akiwa anacheka. Kabla hujamaliza kunywa maji atakuita mume na kukudai mahari.

Mlipe.