Jinsi ya Kuikimbia Familia kwa Nauli ya Familia

Kwanza msimu. Kijana wa Bariadi hatangazi uhuru wake Novemba, mbegu za pamba zinapokwenda ardhini, maana atakabidhiwa jembe kabla hajamaliza kusema. Subiri pamba ifikishwe AMCOS, kwenye chama cha ushirika, ipimwe, pesa itoke. Hapo ndipo useme, "Baba, nimeamua kujitegemea," kisha unyamaze kwa adabu mpaka mzee mwenyewe aulize nauli ni shilingi ngapi. Ukiangukia msimu kama wa 2019, bei elekezi ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo na wakulima wengi wakakabidhi pamba kwa mkopo, wakakaa wakisubiri malipo, basi na uhuru wako utatoka kwa mkopo.

Mzee akigoma, usimhubirie maendeleo. Muulize ndugu zake wako wapi. Wasukuma hao hao waliswaga ng'ombe mpaka Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, na hakuna aliyewaita watoro. Waliohama na mifugo ni wafugaji. Wewe unayehama na begi ni mhuni.

Kwa mabinti kejeli yangu inakwama kidogo. Kijana akiondoka, nyumba imepungukiwa na mchungaji. Binti akiondoka, wapo wanaoona wameondoka ng'ombe wenyewe, wale wa mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ikasema vifungu vya ruhusa hiyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Kwa hiyo, binti, kama posa imeshaletwa na wewe huitaki, habari za kungoja pamba hazikuhusu. Panda basi lolote lililowasha injini.

Wenye haraka huenda Mwanza kupitia Lamadi. Wenye ndoto kubwa hupitia Maswa, Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, wakashushwa Dar es Salaam, Stendi ya Magufuli, Mbezi, miguu imevimba na gunia la michembe liko kwapani. Usilikatae lile gunia. Mama amelifunga kwa ajili ya shangazi wa Buguruni, ambaye hukujua kwamba utalala kwake. Siku zote ulizokuwa ukipanga kuikimbia familia, familia ilikuwa inakupangia pa kulala: kwenye kochi, sebuleni, baada ya watu wazima kumaliza tamthilia.

Kwa shangazi usitamke neno kujitegemea. Sema umekuja kutafuta maisha. Asubuhi msalimie kwa Kisukuma, "Mwangaluka," uone tonge la ugali linavyonenepa. Kazi nayo usihangaike kuiombea kwa barua. Utapewa na mtu wa nyumbani mwenye meza ya mitumba Kariakoo, na atakuachia mzigo bila hata kukuandikisha, kwa kuwa anamfahamu baba yako. Ndiyo, yule yule.

Kuhusu simu: tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, kilomita hazimfichi mtu. Simu ya kwanza kutoka nyumbani itakujulia hali. Ya pili itakujulia hali, halafu itataja sare za mdogo wako. Usizime. Ukizima atapigiwa shangazi, na shangazi hana tabia ya kunong'ona.

Ukishajibana vya kutosha, tafuta chumba chako mwenyewe, hata kama ni Gongo la Mboto ndani ndani huko. Hapo sasa umejitegemea kweli. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkupuo, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na mdhamini. Mdhamini awe mtu mzima anayekufahamu vizuri, ikiwezekana ndugu.