Laki Saba Unusu

Garsen ni njiapanda. Huku barabara ya Lamu, huku ya Hola na Garissa, huku ya Malindi, na katikati nimesimama mimi na mikeka thelathini ya ukindu, namngoja kondakta anayenitazama kama mtu aliyekuja kumpakiza kiboko kwenye basi.

Mikeka ile ni jasho la shangazi yangu wa Ngao na wenzake. Ukindu wanaukata kando ya Mto Tana, wanauanika, wanauchemsha na rangi, wanasuka ukili, kisha wanaushona pindo kwa pindo mpaka vidole vinaota sugu. Kazi yangu mimi ilikuwa nyepesi: kuuza. Ndiyo maana niliiharibu.

Mteja nilimpata kwa simu, mama mmoja mwenye duka Tanga.

"Mkeka bei gani, kaka?"

"Elfu mbili, mama."

Kimya kidogo. "Buku mbili? Kweli?"

Kwetu buku ni yule panya mkubwa asiyemwogopa paka. Nikadhani mama anaulizia usalama wa mali. Nikamhakikishia kwamba ghalani kwangu hakuna buku mbili wala moja. Alicheka hadi akakohoa, akasema nimletee thelathini. Nami nikajipongeza: lugha moja, pesa zote shilingi, na shilingi ni shilingi. Kwa nini watu husema biashara ya nje ni ngumu?

Nilianza kujua Lunga Lunga, mpakani. Ofisa wa forodha aliukunjua mkeka mmoja, akaukagua, akauliza umetengenezwa wapi.

"Kwa shangazi," nikajibu.

"Shangazi si nchi."

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza nguo, mzoefu wa mpaka ule. Alinieleza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kwa sisi wadogo. Mzigo ukiwa umetengenezwa ndani ya Jumuiya, uko kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000, unajaziwa palepale mpakani na husamehewa ushuru wa forodha. Na mimi usiku kucha nilikuwa nimepanga namna ya kuvuka na mikeka miwili miwili nikijifanya nakwenda kuswali.

Nikavuka Horohoro, nikafika Tanga, nikapokewa kwa chai na mkate wa kumimina. Mama aliutandika mkeka wa kwanza, akapitisha ukucha kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanihesabia noti sita za elfu kumi kumi.

Nikangoja ya saba. Haikuja.

"Mama, hesabu imekamilika?"

"Buku mbili mara thelathini. Elfu sitini. Au umesahau?"

Siku ile shilingi 1 ya Kenya ilikuwa inakwenda kwa kama 20 za Tanzania. Elfu sitini zake zilikuwa elfu tatu zangu, na nauli pekee ilikuwa imeshakula zaidi ya hizo. Nikamweleza kwamba elfu mbili niliyosema ni ya Kenya, yaani elfu arobaini ya kwake. Mama akakaa chini, juu ya mkeka wangu.

"Elfu arobaini, kaka? Kwani unaruka?"

Tulivutana mpaka chai ya pili. Mwisho tukaangukia elfu ishirini na tano za Tanzania kwa mkeka, jumla 750,000. Nikatoka nje mbio nikampigia shangazi: "Laki saba unusu!" Nikasikia vigelegele, kisha salio likaisha.

Mama akapendekeza atume kwa simu, moja kwa moja kwa shangazi, nisisafiri na bunda. Nikamtajia namba kwa mazoea, inayoanzia 07. Akabonyeza, akanitazama.

"Shangazi yako ana ndevu?"

Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Kumbe namba za Tanzania nazo huanzia 07, na mikeka yote thelathini ilibakiza kubonyezwa mara moja tu iwe sadaka kwa mtu asiyetujua. Tukarudi nyuma, tukaingia sehemu ya kutuma nje ya nchi, tukaanza na 254. Jina la shangazi likatokea, halina ndevu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa profesa. Nilimhutubia abiria wa pembeni, naye alikuwa amelala: bei itaje na jina la nchi yake, kisha iandike kwenye ujumbe ili simu iwe shahidi. Kiwango cha kubadilisha fedha kiulize benki kabla hujakutana na vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi. Jina la mpokeaji lisome kwa sauti kabla hujakubali. Na ukiona benki ya KCB au Equity ng'ambo usikimbilie kukumbatia mlinzi. Akaunti ya Kenya haigeuki ya Tanzania kwa kuvuka mpaka.

Nikashuka Garsen kifua mbele. Shangazi alikuwa ananingoja stendi, pamoja na wasukaji wenzake wanne na fundi wa kuezeka mabati, tayari ana kipimo mkononi.

"Tulizotumiwa tumeziona," akasema shangazi. "Elfu thelathini na sita na kitu. Sasa lete zilizobaki."

"Zipi, shangazi?"

"Ulisema laki saba unusu. Kijiji kizima kimesikia."

Nikavuta pumzi kama nilipomhutubia yule abiria. "Shangazi, unajua shilingi..."

"Shilingi ni shilingi," akasema, akanyoosha mkono.