Abiria wa Safari Namba 815

Mama mkwe alikuwa anatafuta kiberiti, akafungua droo yangu.

Droo hiyo nyumbani haiguswi. Ndimo nilimohifadhi makaratasi ya tamthilia: kadi ya biashara ya Saul Goodman, wakili wa Breaking Bad, bahasha ya Dunder Mifflin, ile kampuni ya karatasi ya The Office. Kampuni yenyewe haipo, lakini mwaka 2011 karatasi zenye jina lake ziliuzwa Marekani kweli, watu wakazichapia barua. Sasa mke wangu aniambie mwenye wazimu nani.

Johari ya droo ni pasi ya kupandia ndege ya Oceanic, safari namba 815, Sydney hadi Los Angeles, Septemba 22, 2004. Waliotazama Lost wanaijua. Oceanic haijawahi kuruka ila kwenye skrini. Hata kwenye filamu ya Executive Decision ya mwaka 1996 ndege yake ilitekwa. Shirika gani la kweli litaazima jina lake kwa mikosi ya namna hiyo?

Yangu niliichapisha steshenari ya karibu na kituo cha daladala, kwenye karatasi ngumu ya kadi za harusi. Kijana wa pale aliniuliza mara mbili kama nataka na maua pembeni. Nikaikunja, nikaikalia siku tatu, nikaipaka chai ya rangi ili ionekane imesafiri. Kosa nililofanya ni moja: penye jina la abiria niliandika langu.

"Baba Salma," mama akaniita kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia mahari iliyobaki. "Marekani ulikwenda lini?"

"Sikwenda, mama. Ndege hiyo si ya kweli."

"Jina si lako hili?"

"Ni langu. Lakini ndege yenyewe ilianguka."

Mama akaketi mkekani taratibu. "Ilianguka nawe umo?"

"Ilikatika hukohuko angani, mama, ila wapo waliopona, wakaishi kisiwani..." Nilidhani nasimulia tamthilia. Kumbe natoa ushahidi.

Akahesabu kwa vidole. "Mwaka 2004 tulikuwa bado hatujakuoza. Ndiyo maana hukusema." Kisha akapapasa yale madoa. "Na hii damu?"

"Chai, mama."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyezoea wanaume wasiopenda kueleza yaliyowakuta.

Ijumaa ikasomwa dua ya shukrani. Maalim alilitaja jina langu mpaka nikaanza kujionea uchungu mwenyewe. Mke wangu, anayejua kila kitu, alinipakulia pilau bila kunitazama, mabega yakimtikisika. Nikaongezwa sahani ya pili, maana niliambiwa nimekonda tangu ajali.

Jirani akanisogelea, akaninong'oneza: "Vipi, fidia walishakulipa?"

Nikamwambia bado.