Boti Binafsi ya Watu Tisa

Shemeji yangu wa Dar es Salaam alikuja Mbinga Julai iliyopita na vitu viwili: begi la magurudumu, lililokufa siku hiyohiyo kwenye mteremko wa nyumbani kwetu, na video kwenye simu. Humo mzungu na mkewe wanazunguka visiwa vya Maldives kwa boti yao, wanashuka panapowapendeza, wanakula embe, wanapanda tena.

"Shemeji," akaniambia, "ninyi mna ziwa hapo chini tu. Kwa nini tusikodi boti binafsi tukazuru visiwa?"

Ningesema ukweli, mambo yangeishia palepale. Mimi ni Mmatengo. Maji tunayoelewana nayo sisi ni yale yanayotuama kwenye ngolo, mashimo wanayochimba wazee wetu kwenye miteremko ili mvua isiondoke na shamba. Maji yaliyonizidi kimo nimezoea kuyatazama nikiwa darajani. Lakini ulikuwa msimu wa kahawa, mfukoni mlikuwa na senti mbili tatu, na senti mbili tatu humtia mtu ujasiri asiojua umetoka wapi. Nikamjibu kwamba hilo si tatizo kabisa.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay siku hizi ni kilomita 66 za lami na kona zisizohesabika. Ukipanda gari umejikunyata kwa baridi, ukishuka unatafuta kivuli. Shemeji alibaki na singlendi. Mimi koti langu la milimani sikulivua, kwa sababu hela ya boti ilikuwa humo.

Mwenye boti tulimkuta ufukweni anashona nyavu. Kila mtu alimwita Nahodha, nasi tukamwita hivyohivyo.

"Shikamoo, Nahodha. Tunataka boti binafsi," shemeji akaanza.

"Marahaba. Hii ni yangu binafsi," akajibu bila kuinua kichwa. "Haina mbia."

Tuliridhika wote watatu, kila mmoja kwa maana yake. Shemeji akataka twende Likoma, maana alisikia kuna kanisa kuu la Waanglikana kubwa ajabu katika kisiwa kidogo vile. Nahodha akauliza kama tuna pasipoti, kwa kuwa Likoma ni ya Malawi. Hatukuwa nazo. Basi tukapatana Kisiwa cha Lundo, halafu Liuli, kwa shilingi 120,000, mafuta juu yetu.

Kesho yake saa 12 asubuhi tulifika ufukweni. Boti ilikuwa ya mbao, ina viraka vya bati na injini ya nguvu za farasi 15. Ndani alikuwemo bibi aliyejitanda kanga, mama mwenye kichanga mgongoni, wanafunzi wawili na masanduku yao ya shule, na kijana wa kukomba maji aliyeshika kopo la rangi. Katikati, limelazwa kama mgonjwa, lilikuwepo godoro jipya la inchi nane ndani ya nailoni yake.

"Nahodha, hawa ni akina nani?" shemeji akauliza kwa sauti ya chini.

"Hawa wanakwenda Liuli."

"Si tulikubaliana boti binafsi?"

"Ndiyo. Wangekuwa abiria, si ningewatoza nauli?"

Sijawahi kuona hoja iliyomnyamazisha mtu wa Dar es Salaam upesi hivyo. Akatafuta pa kukaa, akaona godoro, akakaa. Bibi akamtazama kwa upole: "Baba, hilo ni la bibi harusi, mjukuu wangu." Shemeji alinyanyuka kama aliyekalia mkaa.

Jaketi okozi zilikuwa mbili. Tukapewa sisi kwa heshima ya ugeni, na langu lilikuwa la mtoto. Nilimsihi bibi alichukue, akacheka hadi kanga ikamwanguka. Yeye, alisema, alijifungulia mtoto wake wa tatu katika mtumbwi.

Mwendo wa kwanza ulikuwa mzuri, lazima niseme. Milima inakaa nyuma yako kama ukuta, maji yanakwenda kutoka kijani hadi buluu hadi rangi usiyotaka kuuliza kina chake. (Nilijua kina chake, na ndiyo shida ya kusoma vitabu: sehemu zake ni mita kama 700.) Shemeji alitaka kujua jina Nyasa lina maana gani. Nikamweleza kwamba kwa lugha za huku maana yake ni ziwa, hivyo tangu David Livingstone afike mwaka 1859 na kuliandika hivyo, kila anayeliita Ziwa Nyasa anasema Ziwa Ziwa. Hakucheka. Alikuwa ameanza kuwa na rangi ya ndizi mbichi.

Alipoinama ubavuni mwa boti, Nahodha alimshika mshipi wa suruali na kuendelea kuongoza kwa mkono mwingine. Mimi, kwa kuwa sikuwa na msaada mwingine wa kutoa, nikampa maelezo. Malawi husema ziwa lote la hapa ni lake hadi kwenye mchanga wetu, kwa kutaja mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Tanzania husema mpaka upo katikati ya maji. "Kwa hiyo, shemeji, kifungua kinywa chako huenda kimeingia nchi ya watu bila pasipoti." Alinijibu kitu ambacho mbele ya yule bibi hakikustahili kusemwa.

Lundo ilimponya. Maji ya pale kwenye mawe ni meupe kiasi kwamba boti inaonekana imening'inia hewani, na chini yake wanapita samaki wadogo wa buluu na wa manjano. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na hao wa kwenye mawe huko Ulaya hununuliwa wakiwa hai, wakawekwa kwenye tangi la kioo sebuleni. Nahodha alisikiliza habari hiyo kwa makini.

"Wanawalisha?"

"Wanawalisha."

"Halafu hawawali?"

"Hawawali."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza kama Ulaya hakuna mbasa.

Kisha ukaja wakati wa video. Shemeji alitaka aonekane peke yake na boti yake, kisiwa nyuma. Akaomba watu wote, samahani sana, wainame kidogo. Wakainama. Bibi akainama, Nahodha akainama, wanafunzi wakajificha nyuma ya masanduku yao. Shemeji akanyoosha mikono, akaanza kusema jinsi anavyopenda upweke wa maji, na kichanga kikalia.

Tulipotoka pale mwera ulikuwa umeamka. Ni upepo wa kutoka kusini, na miezi hii haubishi hodi. Mawimbi yakaanza kuingia, kijana akakomba, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nahodha akachomoa plagi, akaipangusa kwa ncha ya kanga ya bibi, akaipuliza, akairudisha, akavuta kamba. Akavuta tena. Nilihesabu hadi mara 20, kisha nikaacha, maana boti ilikuwa imegeuka ubavu na mimi nilikuwa namkumbuka Askofu Chauncy Maples. Yeye alizama katika ziwa hilihili mwaka 1895 chombo kilipopinduka kwenye dhoruba, na husimuliwa kwamba kanzu yake ndiyo iliyomvuta chini. Nikavua koti. Lile la hela, ndiyo.

"Simamisheni godoro," akasema bibi.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia kwa Kinyasa, safari hii kwa sauti ya mtu aliyelea watoto wengi. Wanafunzi wakashika pembe mbili, shemeji akalikumbatia katikati kwa mikono na miguu, Nahodha akachukua kasia akaligeuza usukani. Upepo ukaliona godoro. Boti ikanyanyua pua, ikaondoka.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Liuli. Bandari hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lenye sura ya mnyama aliyelala, na Agosti 1914 Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza Gwendolen, aliingia hapo akaipiga mzinga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mwenzake Mjerumani, Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, hakuwa na habari kuwa kuna vita. Husimuliwa kwamba alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen, amekasirika, akamuuliza Rhoades kama amelewa.

Kwetu alikuja mvuvi mmoja kwa mtumbwi. Alitusogelea, akalitazama godoro, akamtazama shemeji aliyelikumbatia amefumba macho, akanitazama mimi ndani ya jaketi la mtoto.

"Jamani," akasema, "mmelewa?"

Nailoni ilikuwa imechanika kitambo. Bibi harusi aliletewa godoro lililobeba maji ya Nyasa na, katikati yake, umbo kamili la shemeji yangu, mikono na miguu. Hakusema neno. Shemeji alilipa palepale kwa simu, na hela iliyobaki kwenye koti langu ikalipa nauli ya kurudi kwa Coaster, watu wawili na godoro moja. Konda alilitoza kama mtu mzima kwa kuwa, alisema, uzito linao.

Tulilianika wiki nzima. Shemeji alirudi kwao akatuachia, video hakuirusha. Sasa mgeni akija kulala kwetu Mbinga na vyumba vikapungua, mke wangu huniuliza mbele yake, bila hata kutabasamu: "Huyu tumlaze wapi, kitandani au kwenye boti binafsi?"