Alhamisi Saa Nane, Pango ni Moja

Mfyuu! Nisonye kwanza ndipo niseme. Jana hapa kijiweni, kahawa haijapoa vikombeni, dogo mmoja katangaza kwamba amelifuta gemu la Deep Rock Galactic kwenye kompyuta yake. Nikamuuliza kisa. "Braza, nimeshapata kila kitu, na nacheza peke yangu. Niendelee kuchimba kwa ajili ya nani?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikataa jana, na leo nakataa tena.

Kwa wasiolijua, gemu hilo limetengenezwa Denmark na Ghost Ship Games, likatoka rasmi mwaka 2020. Mbilikimo wanashuka kwenye mapango ya sayari ya Hoxxes kuchimba madini, na wadudu wa humo hawataki wageni. Kikosi kamili ni watu wanne: mmoja anatoboa miamba, mmoja anajenga vikanyagio na bunduki zinazojifyatulia zenyewe, mmoja anarusha ndoano na kumulika giza, mmoja anabeba silaha nzito. Ukienda peke yako unapewa droni iitwayo Bosco. Anakuchimbia, anakumulikia, anapigana, na ukianguka anakuinua, ingawa si mara zote. Wadudu nao wanapunguzwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukicheza peke yako umejipenyeza kwenye shughuli ya wengine. Nafasi yako ilipangwa tangu mwanzo.

Na kwetu sisi nafasi hiyo ina thamani yake. Mkicheza kikundi, mchezo unakaa kwenye mashine ya mwenyeji. Bando lake likikata au umeme ukizimika kwake, wote mmekwisha, hata kama mlikuwa mlangoni mwa chombo cha kurudia. Peke yako, bibi akikuita ukamchotee maji, unausimamisha mchezo na kwenda. Ukirudi, mdudu yuko palepale ulipomwacha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Mbilikimo akifika leveli ya 25 anapandishwa cheo. Anapata nishani mpya, anarudishwa leveli ya 1, unaanza kupanda upya. Mara ya kwanza ni raha tupu. Mara ya nne mkono unaanza kuwa mzito. Mkiwa kikundi, yupo atakayesema "la mwisho hili, tukalale", na mnalala mmeridhika. Peke yako hakuna wa kusema hivyo, na gemu lenyewe halisemi. Unashuka, unarudi, unashuka tena, mpaka siku moja unalifuta kwa hasira. Kisha tunasema ni upweke. Upweke gani? Dogo alichokosa ni mpaka. Shamba lisilo na mpaka halimalizwi kupaliliwa, na mkulima wake hukata tamaa akiwa na nguvu zake zote.

Mpaka upo, tena umechorwa vizuri. Kila Alhamisi, saa nane mchana kwa saa za hapa kwetu, yanatoka mapango mapya ya mbizi ya wiki, yaani safari moja ya hatua tatu mfululizo. Uhai na risasi ulizobakiwa nazo hatua ya kwanza ndizo unazoingia nazo ya pili. Ukianguka bila wa kukuinua, safari imekatika. Zipo mbizi mbili, ya kawaida na ile kali. Mimi nachagua moja, na mbilikimo mmoja. Wiki nikiiona nyepesi, naacha bunduki niliyoizoea, nabeba ile ambayo sijaielewa. Nikimaliza hatua ya tatu, wiki yangu imekwisha. Nazima mashine nikiwa bado na hamu, na hamu hiyo ndiyo inayonirudisha Alhamisi inayofuata.

Ngoja niwaonyeshe. Wiki iliyopita, hatua ya tatu, nimeshuka na mwenye silaha nzito. Risasi zinahesabika. Shehena ya risasi inaitwa kwa madini ya nitra 80, mimi ninazo 74. Juu kabisa, kwenye dari nisiyoweza kuifikia, nikaona mshipa mwekundu wa nitra. Nikauelekezea mwanga, Bosco akapaa kwenda kuuchimba, nami nikabaki chini gizani nasikiliza miguu ya wadudu ikikuna mawe. Vipande vikaanguka, nikaviokota mbiombio, nikaita. Shehena ikatua na mafungu manne. Kwenye kikundi, kila mtu lake moja. Hapa yote manne ni yangu, lakini sikuyamaliza. Nilichukua mawili, mengine nikayaacha palepale kama akiba, nikayarudia dakika za mwisho. Kupima vile, mtu mmoja na droni yake, ndiko kunakonifanya niipende kazi hii. Hakuna nishani iliyowahi kunipa raha kama ile.

Na hili ndilo nililotaka dogo alisikie. Mapango ya mbizi ya wiki ni yaleyale kwa wachezaji wote. Shimo nililokutana nalo mimi chumbani kwangu, aliyeko Mwanza analikuta lilelile, na aliyeko Copenhagen vilevile. Jumamosi iliyopita tulikaa hapa watu watatu, kila mmoja alishuka kwake, peke yake. Mmoja akasema, "Ule mshipa wa darini hatua ya tatu, uliupataje?" Nusu saa nzima tukabishana njia, mmoja akachora pango mchangani kwa kijiti, muuza kahawa akaongeza vikombe bila kuulizwa. Ulitaka kikosi cha namna gani tena?

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulikuwa unauliza unachimba kwa ajili ya nani. Lirudishe hilo gemu. Alhamisi saa nane shuka kwako, nami nitashuka kwangu. Jumamosi njoo hapa, kijiti kipo, utuchoree ulipopita.