Sakafu Isiyooga

Wakala aliponipeleka kuiona ile nyumba Kilimani, hakujisumbua kunionyesha jiko. Alichuchumaa sebuleni, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Mbao tupu, bosi. Siku hizi hawajengi hivi." Mimi mtoto wa Mombasa, niliyejifunza kutambaa juu ya saruji, nikajiona mheshimiwa. Nikalipa kodi na dipoziti papo hapo. Bafuni hata sikuchungulia. (Bafu lina kisa chake, ila halina mbao.)

Ni zile fleti za zamani za Nairobi ambazo bado hazijabomolewa kupisha maghorofa marefu. Sakafu ni vibao vyembamba vya muhuhu vilivyopangwa mraba kwa mraba, hivi vimelala, vile vimesimama, vikagandishwa kwa lami juu ya zege. Inapendeza. Lakini ina mdomo! Ukiamka usiku kunywa maji, kibao cha mlangoni kinalia kwee, mpangaji wa chini anakohoa, nawe unarudi kitandani kwa ncha za vidole kama mwizi nyumbani kwako. Januari na Februari, jua likikausha, mbao hunywea, nyufa zikameza sarafu, pini na hereni. Mkataba nao ulikuwa na kifungu kuhusu viatu vya visigino virefu. Nilimsomea mgeni mmoja mlangoni, kwa upole kabisa. Hakurudi.

Kisha mama akaja kunitembelea.

Kwetu nyumba haipanguswi, huoshwa. Unamwaga ndoo, unatia sabuni ya unga, unasugua kwa ufagio wa chelewa, unayasukuma maji mpaka nje huku watoto wakiteleza na kupigiwa kelele. Apitishaye kitambaa chenye unyevu tu, majirani humjua ni mvivu. Kwa hiyo saa nne asubuhi, nikiwa kazini, simu ikalia.

"Mwanangu, nyumba yako tundu la kutokea maji liko wapi?"

Nilifika nikihema. Mama alikuwa amepandisha leso hadi magotini, anazoa maji kwa kikombe changu cha chai.

"Mama, hii ni mbao!"

"Naona ni mbao. Jahazi si mbao?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tulikausha kwa mataulo yote, mashuka mawili na koti langu la baridi, nikalala nikijidanganya kwamba mambo yameisha. Kumbe ubao ukinywa maji haurefuki, hunenepa ubavuni, na vibao vilivyobanana havina pa kunenepea ila juu. Usiku wa manane vikaanza: tak! Kimya. Tak! Alfajiri palikuwa na kichuguu katikati ya sebule, na meza ya chai imelalia upande kama ngalawa iliyopwelewa.

Mama aliitazama sakafu, akaketi. "Itashuka," akasema.

Haikushuka. Nikamwita fundi, mzee mmoja asiye na haraka, akaving'oa vibao, akakwangua lami, akapunguza huku na huku, akaanza kupiga msasa. Mama alikuwa kwenye kiti amenuna, uso kaugeuzia dirishani. Mara akainua pua.

"Nani kachoma liwa?"

"Hajachoma mtu, mama. Ni huu muhuhu," fundi akasema. "Wachongaji wanaupenda kwa ugumu. Na una mafuta yananukia, watu huyatoa wakatengeneza manukato."

Mama akainuka, akachota unga wa mbao kwa vidole viwili, akanusa, akaufunga kwenye pembe ya leso. Kisha akanigeukia mimi, mkosaji mpya. "Mna mali chini ya miguu, mwaisiliba nta!" Tangu saa ile hakuna aliyeruhusiwa kumwaga hata tone. Keateka wa jengo alikuja kuuliza kelele za msasa ni za nini, akavuliwa viatu ngazini.

Mwaka uliofuata nilihama. Keateka huyohuyo alipiga magoti, akakagua sebule nzima kwa tochi ya simu, mraba baada ya mraba, mpaka nyuma ya mlango. Akaandika: kibao kimoja hakipo. Wakala akakata shilingi 1,500 kwenye dipoziti.

Nikampigia mama kumuuliza, labda aliona fundi alikiweka wapi.

"Kiko hapa sandukuni, kati ya leso zangu," akasema. "Wakikitaka, nauli ya kuja Mombasa ni yao."