Maslahi Yalibanduka Kwenye Ndoo

Kila ikifika Aprili, ofisi za Tanzania hushikwa na homa ya fulana. Mei Mosi hiyo inakuja, na hakuna mfanyakazi anayekubali kupita mbele ya mgeni rasmi na shati lake la Jumatatu. Kwetu ikaundwa kamati ya kumtafuta mshonaji wa fulana 200 za kola: mhasibu wetu, mzee wa masjala, nami niliyeteuliwa kwa sababu sikuhudhuria kikao.

Mzee wa masjala hupima kila nguo kwa kanga za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Kila tulikoingia alikisugua kitambaa kwa kidole gumba, akaguna. Mguno wake ulishusha bei kuliko maneno yangu yote.

Tulianzia kwenye ofisi ya vioo, njia ya Pugu. Kiyoyozi, sofa la ngozi, maji baridi ya chupa. Tukaletewa fulana ya mfano. Mshono umenyooka, kola imesimama wima. Mhasibu akaigeuza ndani nje. Ukosini, kwenye kilebo kidogo kilichokatwa nusu, ikasomeka kuwa imeshonwa Bangladesh.

"Kilebo tu hicho, dada yangu," akasema mwenyewe.

Tukaomba kuona cherehani. Akasema mafundi wamekwenda kula. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Tuling'ang'ania mpaka mlango ukafunguliwa, tukamkuta paka kajifungua ndani ya kapu la vipande, chini ya meza ya kukatia. Watoto walishafumbua macho. Anayewajua paka atakadiria kapu lile halijaguswa tangu lini.

Kariakoo mambo yalichangamka. Cherehani zinanguruma, vijana wanapiga ovaloki, na bosi anaapa kwamba kitambaa ni pamba asilimia mia. Mzee hakubishana. Alinyofoa uzi, akatoa kiberiti. Uzi wa pamba ukiungua hunuka karatasi iliyochomwa na kuacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka, ukaganda kijidonge kigumu. Kabla hatujaona matokeo, mlinzi alikwishafika na ndoo ya mchanga, na nusu ya mchanga ule uliishia kwenye viatu vya mhasibu. Kijidonge tulikigundua baadaye, kimeng'ang'ania mkono wa shati la mzee.

Lakini bei ilitutia tamaa, basi tukaomba watuchapie fulana moja yenye kauli mbiu yetu: "Maslahi bora, kazi bora." Mhasibu akailoweka nyumbani kwake, akaifua kwa mkono kama sisi sote tutakavyofua. Chapa yenyewe ilikuwa ya kubandikwa kwa pasi. Maslahi yote yakabanduka, yakaelea kwenye povu. Kazi ikabaki, tena imeshika kwelikweli. Mhasibu alisema utawala ungeipenda sana fulana hiyo.

Dada wa Tandika tulielekezwa na mama lishe wetu. Hana sofa, tulikaa kwenye majora. Yeye ndiye aliyetuhoji: mtasimama juani saa ngapi, nembo mnataka ya nyuzi au ya wino, orodha ya saizi iko wapi? Huko kote tulikotoka hakuna aliyeuliza saizi. Mkuu wa idara yetu alikuwa ameandika M. Dada akaomba picha yake, akaitazama kidogo kwenye simu, akaandika XXL na kuendelea na jina linalofuata.

Akatupa fulana ya kujaribia, akatutahadharisha kuwa ikifuliwa itarudi sentimita moja urefu. Tukaifua, tukaipima kwa futi kamba. Sentimita moja. Mzee wa masjala hakuguna.

Tulipomwambia tunataka 200 kabla ya Mei Mosi, akatikisa kichwa. "Mmechelewa. Naweza 120. Nikisema 200 nitakuwa nawadanganya, halafu mtakuja kunigombeza hapa mbele ya wateja."

Tukalipa nusu, tukaandikiana, tukaweka tarehe. Wenzetu 80 watavaa za mwaka jana, na tayari wana kundi lao la WhatsApp la kutusema.

Wapo wanaoniomba namba ya simu ya dada huyo. Naomba mnivumilie: siitoi kwa yeyote mpaka fulana zetu 120 ziwe mkononi.